MBEBA SHANTA ALALE WAPI?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika methali hiyo fupi mna sheria kamili ya ukarimu. Mgeni anayo haki ya kupokewa, na mwenyeji anayo haki ya kuiwekea haki hiyo mpaka. Lakini methali hii yamfikiria mgeni aliyebisha hodi mlangoni. Haimfikirii yule aliyefikiwa na jioni mahali pasipo mlango, pasipo nyumba wala mwenyeji wa kumwitikia, naye amebeba hema, blanketi na chakula chake chote ndani ya shanta iliyo mgongoni. Huyo abishe hodi kwa nani? Na giza likiingia, alale wapi?

Swali hili huonekana dogo kwa mtu aliyeketi barazani kwake. Kwa askari si dogo hata kidogo. Popote wapitapo wasafiri wa namna hii, mtu wa kwanza wanayemkuta njiani mara nyingi ni mtu aliyevaa sare: polisi wa doria, mlinzi wa hifadhi, au mwanajeshi aliye mazoezini. Jibu lake laweza kumpa msafiri usingizi mwema. Laweza pia kumnyima haki aliyopewa na sheria. Na mahali pengine, jibu la kubahatisha laweza kumlaza binadamu mahali ambapo kesho yake asubuhi risasi za moto zitapigwa. Kwa sababu hiyo yafaa sisi tuliokabidhiwa sare tujue namna nchi nyingine zilivyolitatua swali hili, na hasa mahali pamoja ambapo raia, mfugaji na mwanajeshi wanatumia ardhi ile ile.

ARDHI YA UMMA NI IPI?

Mtu akisikia maneno "hifadhi ya taifa" hudhani mara moja kwamba ardhi yote iliyomo ni mali ya serikali, na kwamba kilicho cha serikali ni cha kila mtu. Nchini England mambo sivyo yalivyo. Hifadhi za taifa za huko ziliwekwa kwa sheria ya mwaka 1949, na sheria hiyo haikuwanyang'anya wenye ardhi mali yao. Iliweka utaratibu wa kulinda mandhari na kuwawezesha wananchi kuifurahia, lakini sehemu kubwa ya mashamba, malisho na misitu ilibaki mikononi mwa watu binafsi, vyama na mashirika.

Mwaka 2000 ikatungwa sheria nyingine, ambayo iliwapa raia wa England na Wales haki ya kutembea kwa miguu milimani, nyikani na katika malisho ya jumuiya. Hata hivyo sheria hiyo ilisema waziwazi kwamba haki ya kutembea haichukui ndani yake haki ya kupiga kambi. Matokeo yake ni jambo la kustaajabisha. Mtu aweza kutembea kutwa nzima kwa haki yake, wala pasiwe na wa kumuuliza. Jua likitua, naye angali amesimama pale pale, atahitaji ruhusa ya mwenye ardhi ili ajinyooshe alale.

Hapa polisi wasikie neno moja muhimu. Katika sheria ya England, kuingia tu katika ardhi ya mtu bila ruhusa kwa kawaida si jinai; ni shauri la madai baina ya mwenye ardhi na yule aliyeingia. Mwenye ardhi aweza kumtaka mtu aondoke, na akikataa aweza kwenda mahakamani. Polisi anayeitwa usiku kuja kung'oa hema hana budi kwanza kujiuliza kama pana kosa lolote la jinai lililotendeka, ama ameitwa ili sare yake itumike kama fimbo ya mtu mmoja.

DARTMOOR YENYEWE

Katika England pana mahali pamoja palipo na haki ya pekee, nako ni Dartmoor. Hizi ni nyanda za juu katika jimbo la Devon, kusini-magharibi ya nchi. Hifadhi yake iliwekwa mwaka 1951, na eneo lake ni kilomita za mraba 954. Ni nchi ya majani, vinamasi na vilima vilivyovikwa vilele vya mawe makubwa ya itale, ambavyo wenyeji huviita "tor". Kilele kirefu kuliko vyote, High Willhays, kina mita 621 tu. Kwetu sisi tunaoijua milima ya Afrika Mashariki, hicho ni kilima cha kupanda kabla ya chai ya asubuhi. Lakini asidanganyike mtu: ukungu hushuka huko ghafla, mvua yake ni ya baridi, na kinamasi kilichofunikwa na majani hakimtambui mkuu wala mdogo.

Malisho ya Dartmoor ni ya jumuiya kwa maana ya kipekee. Ardhi ina mwenyewe, lakini wafugaji wa jirani wana haki za tangu kale za kulisha humo ng'ombe, kondoo na farasi wadogo. Mwaka 1985 Bunge la Uingereza lilitunga sheria maalumu kwa ajili ya malisho hayo. Kifungu chake cha 10 kiliwapa watu wote haki ya kuingia humo kwa miguu na kwa farasi kwa madhumuni ya burudani ya mahali pa wazi. Kwa miaka mingi vijana na wazee walibeba shanta zao, wakalala huko usiku mmoja au miwili, na karibu watu wote waliamini kwamba kulala huko ni sehemu ya burudani iliyotajwa na sheria.

NENO MOJA LAPELEKWA MAHAKAMANI

Imani ya watu, hata iwe ya miaka mingi, si sawa na hukumu ya mahakama. Mume na mke wenye shamba la ekari zipatazo 4,000 upande wa kusini wa Dartmoor walilipeleka jambo hili mbele ya sheria. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: sheria yasema "kwa miguu na kwa farasi", mtu aliyelala hemani hatembei kwa miguu wala hajapanda farasi, basi sheria haimpi haki ya kulala. Walieleza pia wasiwasi wao juu ya takataka, moto na madhara kwa mifugo.

Tarehe 13 Januari 1983 isingeweza kuleta shauri hili, kwa kuwa sheria yenyewe ilikuwa haijazaliwa. Ilikuwa tarehe 13 Januari 2023 Mahakama Kuu ilipokubaliana na wenye shamba. Siku chache baadaye maelfu ya watu waliandamana hadi kwenye malisho yale kuonyesha masikitiko yao, kwa kutembea na bila vita. Mamlaka ya Hifadhi ya Dartmoor ikakata rufani, na tarehe 31 Julai 2023 Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu. Wenye shamba nao wakapanda ngazi ya mwisho. Tarehe 21 Mei 2025 Mahakama ya Juu kabisa ya Uingereza ikatoa uamuzi wake kwa kauli moja: maneno "kwa miguu na kwa farasi" yaeleza namna ya kuingia na kusafiri humo, siyo orodha ya mambo anayoruhusiwa mtu kuyafanya akishafika. Burudani ya mahali pa wazi ni maneno mapana, na kupiga kambi kumo ndani yake.

Majaji wa mahakama hiyo hawakudharau wasiwasi wa wenye ardhi. Walionyesha kwamba sheria ile ile ya mwaka 1985 ilikwisha weka dawa: mamlaka ya hifadhi inao uwezo wa kutunga sheria ndogo na kuwazuia watu wanaoharibu. Hilo ndilo fundisho la shauri zima. Haki haikuachwa bila uzio, na uzio haukuruhusiwa kuimeza haki.

MIPAKA YA HAKI

Na uzio huo ni upi? Kwanza, mtu asilale mahali pamoja zaidi ya usiku mbili mfululizo. Methali yetu na sheria ya Devon zimekutana hapo bila kujuana. Pili, hema lisipigwe katika umbali wa mita 100 kutoka barabara ya umma, wala ndani ya eneo lililozungushiwa ukuta au ua. Tatu, haki hii ni ya hema na shanta. Mwenye gari asidhani kwamba kulala garini kando ya nyika ni jambo lile lile. Tena hairuhusiwi kuwasha moto wa kuni, kwa sababu udongo wa mboji wa nyanda zile huweza kushika moto ukaendelea kuungua chini kwa chini hata baada ya mtu kudhani umezimika. Kila kilicholetwa kiondoke na aliyekileta.

Zaidi ya hayo, si kila kipande cha malisho kinaruhusiwa. Baadhi vimeondolewa kwa kutajwa majina. Ndiyo maana mamlaka ya hifadhi imechora ramani yenye kuonyesha wapi mtu aweza kulala na wapi haiwezekani, na ramani hiyo hutolewa kwa watu wote, hata kwa njia ya intaneti. Msafiri mwenye busara huitazama kabla hajafunga shanta yake. Akiisubiri jioni, ukungu umekwisha shuka na mkono haumwoni mwenzake, ramani itamfaa nini?

BENDERA NYEKUNDU

Sasa tumefika penye kutuhusu sisi wanajeshi moja kwa moja. Kaskazini mwa Dartmoor pana viwanja vitatu vya shabaha vya jeshi la Uingereza: Okehampton, Merrivale na Willsworthy. Jeshi limefanya mazoezi katika nyanda hizo tangu karne ya 19, na hata kile kilele cha High Willhays kimo ndani ya uwanja wa Okehampton. Willsworthy ni mali ya Wizara ya Ulinzi yenyewe. Sehemu kubwa ya viwanja vile vingine hutumika kwa ruhusa ya mwenye ardhi. Basi hapo ardhi moja ina watumiaji wanne: mwenyewe, mfugaji, mbeba shanta, na askari mwenye silaha.

Jambo hili halikukubaliwa bila ubishi. Katika miaka ya 1975 na 1976 palifanyika uchunguzi wa hadhara chini ya Lady Sharp juu ya matumizi ya Dartmoor kwa mazoezi ya kijeshi, na ripoti yake ikatolewa mwaka 1977. Wengi walioipenda nyika walitaka jeshi liondoke. Jeshi lilibaki, lakini lilibaki likijua kwamba linatazamwa, na kwamba lazima lieleze kila siku ni wapi linapiga na ni saa ngapi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mpaka wa kila uwanja umewekewa nguzo zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe pamoja na mbao za matangazo. Ratiba ya kupiga risasi hutangazwa mapema ili kila mtu aweze kuisoma. Siku ya kupiga, bendera nyekundu hupandishwa vileleni mchana, na usiku huwashwa taa nyekundu. Bendera ikiwa juu, raia hana ruhusa ya kuvuka nguzo zile. Risasi zisipopigwa, watu hupita.

Tutazame ugumu ulio hapo, maana ndipo jibu la kubahatisha linapoweza kuua. Msafiri hufika saa kumi na mbili jioni. Haoni bendera wala taa, na mbele yake pana bonde zuri lenye maji. Hana kosa akiingia. Lakini yeye hakuja kupita, amekuja kulala. Ratiba ya leo haimtoshi. Yampasa aijue na ya kesho, kwa kuwa bendera itakapopanda asubuhi atakuwa angali ndani ya blanketi lake. Kwa hiyo askari anayeulizwa "Je, leo wanapiga?" hajajibu sawasawa akisema "Hapana" na kuendelea na safari yake. Jibu kamili ni hili: "Leo hawapigi. Unakusudia kulala? Basi tuangalie na kesho."

Pana hatari nyingine isiyopandishiwa bendera. Mahali palipopigwa mizinga kwa vizazi kadhaa hapakosi makombora yaliyoanguka bila kulipuka. Amri ya huko kwa raia ni moja na haina tafsiri mbili: chuma chochote usichokijua usikiguse, weka alama ya mahali ulipokiona, kisha toa habari kwa jeshi au kwa polisi. Mtu anayechimba shimo dogo ili kukaza kigingi cha hema, au anayekusanya mawe ya kuzuia upepo, anayo sababu zaidi ya mpita njia ya kuikumbuka amri hiyo.

JESHI LAWA MWENYEJI

Jeshi lile lile lenye kuwakataza watu siku za bendera ndilo linalowakaribisha siku nyingine. Tangu mwaka 1960 yamekuwapo matembezi ya vijana yaitwayo Ten Tors, yanayoandaliwa na jeshi kutoka kambi ya Okehampton. Vijana wa miaka 14 hadi 19 wapatao 2,400, katika vikosi vya watu sita sita, hupita vilele kumi kwa muda wa siku mbili, kwa mwendo wa maili 35, 45 au 55. Hubeba shanta zao wenyewe, hujipikia wenyewe, na usiku hulala nyikani. Mtu mzima hatembei nao. Wanajeshi husimama katika vituo, huangalia hali ya hewa, na huwa tayari kwenda kumchukua aliyeumia.

Mwalimu wa shule akiwafunza vijana wake kwa ajili ya safari hiyo, jambo la kwanza ni kusoma ramani na dira. La pili ni kusoma ratiba ya viwanja. Hivyo kijana hujifunza mapema kwamba uhuru wa nyikani si wa kuropoka. Ni uhuru wa mtu aliyejitayarisha.

NCHI NYINGINE ZAFANYAJE?

Majirani wa England wamechagua njia zao. Scotland iliwahi kuwa na sheria ya mwaka 1865 iliyofanya kupiga kambi katika ardhi ya mtu bila idhini kuwa kosa. Kisha sheria ya mwaka 2003 ikageuza mambo: sasa kila mtu ana haki ya kuingia katika ardhi nyingi, na hata kulala hemani, maadamu anatenda kwa kuwajibika, yaani watu wachache, hema jepesi, siku chache, bila kuacha alama. Hata hivyo kando ya ziwa Loch Lomond na jirani zake wageni walizidi mno, basi tangu mwaka 2017 sehemu fulani za huko zinahitaji kibali kuanzia mwezi wa Machi hadi Septemba.

Norway ina sheria ya mwaka 1957. Katika nyika na misitu isiyolimwa mtu hulala bila kuomba ruhusa, lakini hema liwe mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa, na asikae zaidi ya siku mbili bila idhini, isipokuwa milimani na mahali palipo mbali na makazi.

Marekani ndiko iliko ardhi ya umma kwa maana halisi, yaani mali ya serikali kuu. Idara moja tu ya serikali hiyo, yenye kusimamia nyika za magharibi, inazo ekari zipatazo milioni 245. Katika sehemu kubwa ya ardhi hiyo mtu huruhusiwa kupiga kambi bure, kwa kawaida si zaidi ya siku 14 katika kipindi cha siku 28. Lakini hifadhi za taifa za nchi hiyo hiyo, zilizo chini ya idara nyingine, mara nyingi hutaka kibali kwa kila usiku. Hatua mia moja zaweza kumtoa mtu katika sheria moja na kumwingiza katika nyingine, wala jani halibadili rangi. Kwa hiyo huko msafiri hushauriwa kupita kwanza katika ofisi ya wilaya ya idara inayohusika, aulize.

MASWALI MATATU

Tukiyakusanya hayo yote, tutaona kwamba ruhusa ya kulala haionekani kwa macho. Nyasi za mahali halali na nyasi za mahali haramu ni zile zile. Ruhusa hupatikana kwa kuuliza maswali matatu, tena kwa mpango. La kwanza: ardhi hii ni ya nani, na nani anaisimamia? La pili: sheria ya mahali hapa yasema nini juu ya kulala, siyo juu ya kupita tu? La tatu: leo usiku na kesho asubuhi ardhi hii itatumika kwa kazi gani? Mwenye kujibu la kwanza bila la pili atamfukuza mwenye haki. Mwenye kujibu la pili bila la tatu atamlaza mwenye haki mbele ya mzinga.

Askari wenzangu, maswali hayo si ya msafiri peke yake. Kituo cha polisi kilicho karibu na hifadhi, na kambi ya jeshi iliyo karibu na njia ya wageni, vyapaswa kuwa na ramani ukutani na ratiba mezani, na kila anayeshika zamu ajue kuzisoma. Kusema "Ondoka hapa" ni rahisi. Hata mbwa mkali hulijua neno hilo kwa lugha yake. Kazi ya mtu mwenye mafunzo ni kuweza kuongeza: "Hapa hapafai kwa sababu hii, lakini ukivuka kijito kile, ukafika upande wa pili wa kilima, pana mahali unaporuhusiwa, na kesho ni salama mpaka saa fulani."

Maneno hayo machache hayahitaji bajeti wala gari. Yahitaji askari aliyeijua ardhi anayoilinda, akaijua na sheria iliyoandikwa juu yake. Raia akilala salama kwa neno la askari, ataamka akiiheshimu sare ile bila ya kuamriwa. Na asipoijua askari, na aseme wazi kwamba hajui, kisha aende akaulize kabla giza halijaingia.